Daktari wa Mstari Mmoja

Asubuhi hiyo Mwau alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, uani mwa nyumba aliyopanga Ukunda, akifumua kwa wembe jina la hoteli lililoshonwa kwenye mfuko wa koti la mpishi. Uzi ulikuwa mwekundu, na fundi aliyeushona alikuwa mtu wa dhati, kwa hivyo kazi ilikuwa ikienda polepole. Herufi moja ikidondoka, Mwau anasogea hatua moja karibu na udaktari. Wenzake husomea miaka saba. Yeye alihitaji wembe na subira ya saa moja.

Koti lenyewe alilipata Diani, kwenye hoteli alikokuwa mhudumu wa baa mpaka vurugu za mwaka tisini na saba zilipowatisha wazungu wakaacha kuja. Hoteli ikafunga lango, wafanyakazi wakapewa barua za shukrani. Mwau hakuwa mtu wa kusoma barua. Alijishukuru mwenyewe, kwa koti.

"Ukimaliza hilo jina, toa na hivyo vifungo," alisema Winrose, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Daktari havai koti lenye safu mbili za vifungo."

"Wa kawaida havai. Huyu ni daktari bingwa."

Winrose aliinamisha kichwa asionekane akicheka. Alikuwa msichana wa maabara, mpole, mwenye sauti ya mtu anayeomba radhi kwa kupumua. Zahanati ya kibinafsi alikokuwa akifanya kazi huko ufuoni nayo ilifungwa, na badala ya kiinua mgongo mwenye zahanati alimpa makatoni mawili ya vipimo vya ukimwi, vile vipya vya haraka, akamwambia Mungu atamfungulia njia. Winrose akayabeba makatoni yake mpaka chumba alichopanga nyuma ya duka la Baya, akayaweka mahali pa baridi, akangoja hiyo njia.

Njia ikaja na jina la Mwau.

Ilikuwa hivi. Mwau alikuwa na mazoea ya kwenda kanisani, tena si kanisa moja. Si kwamba dhambi zake zilikuwa nyingi kuliko za watu wengine, ingawa hazikuwa chache. Ni kwamba mtu aliyetoka kusali huwa na masikio laini. Jumapili iliyopita alipanda mpaka kule milimani, kwenye mashamba ya Wakamba waliokuja kutoka bara wakapanda michungwa na mikorosho, akaketi benchi la nyuma, akafumba macho kama mcha Mungu. Mchungaji Justus alipofika kwenye matangazo, Mwau akayafumbua.

"Desemba hii tuna harusi tano," alisema mchungaji. "Nami nasema mbele za Mungu na mbele ya kamati: hakuna bwana harusi atakayesimama hapa bila karatasi ya kuonyesha amepimwa ukimwi."

Upande wa akina mama ilitoka "Amina" yenye nguvu kama wimbo wa kitabuni. Upande wa wanaume "Amina" ilitoka ikichechemea.

Mwau akageuza shingo taratibu, akatazama. Mmoja alikuwa akilegeza tai. Mwingine, jitu la watu liitwalo Muema, utingo wa malori ya Mombasa mpaka mpakani, ghafla alikuwa amevutiwa mno na kitabu cha nyimbo, akikisoma juu chini. Siku hizo kupimwa kulikuwa safari: unatolewa damu chupa nzima, chupa inakwenda Mombasa, nawe unakaa wiki mbili, tatu, hulali, huli, unajitazama ulimi kwenye kioo. Na harusi zilikuwa wiki tano mbele, mbuzi washapelekwa, kadi zishachapwa.

Uoga na haraka katika kifua kimoja. Mwau alihisi joto tamu likimpanda. Wengine husikia mwito wa kuhubiri. Yeye alisikia huo.

Na sasa, wembe mkononi, alikuwa akijiandaa.

"Haya, nieleze hicho kitu kinavyofanya kazi," alisema. "Nisije nikaulizwa nikababaika kama mlevi."

Winrose alitoa kikaratasi kirefu, chembamba kama kijiti cha kuchanganyia chai hotelini, akakiweka juu ya goti. "Kwanza ujue, hiki hakimwoni mdudu."

"Hakimwoni? Sasa kinapima nini, tabia?"

"Pale hotelini, mwizi akishaingia, meneja alikuwa akifanya nini?"

"Anapiga kelele, halafu anaandika askari."

"Sare gani?"

"Sare moja wote. Kampuni moja."

"Basi mwili nao ni hivyo hivyo. Mdudu akiingia, mwili unaandika askari wa kupambana na mwizi huyo huyo, wenye sare yao. Kikaratasi hiki hakimtafuti mwizi. Kinatafuta hao askari." Alionyesha kwa ukucha. "Unachoma kidole, tone moja la damu linakaa hapa chini. Unatia na tone la hii dawa ya maji. Damu inapanda yenyewe, kama mafuta ya taa kwenye utambi. Hapa kati kuna mtego. Askari wakiwemo wananaswa, unaona mstari."

"Na huu wa juu?"

"Huo ni wa kukagua kipimo chenyewe. Lazima utokee kila mara, mtu awe mgonjwa asiwe mgonjwa. Usipotokea, kipimo kimekufa. Tupa, anza upya."

Mwau alikuna kidevu. Kichwa chake hakikuwa kibovu. Kilikuwa tu kimekodishwa kwa kazi nyingine. "Kwa hivyo mstari mmoja, wa juu peke yake..."

"Askari hawapo."

"Miwili?"

"Wapo. Lakini hapo hufungui mdomo. Unapima tena kwa kipimo cha aina nyingine, ndio maana nina makatoni mawili. Na unangoja dakika kumi na tano. Ukikiacha kikalala halafu ndio usome, kitakudanganya."

"Na kama mwizi ameingia juzi?"

Winrose alimtazama kwa heshima kidogo. "Hapo askari bado hawajaandikwa. Kipimo kitasema hakuna kitu, na mwizi yumo chumbani. Ndiyo sababu mtu huambiwa arudi baada ya miezi mitatu."

Wembe ulisimama kati ya herufi mbili. Kisha Mwau akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa ngapi:

"Na nikitia hiyo dawa ya maji peke yake? Bila damu?"

"Mstari wa juu utatokea."

"Peke yake?"

"Peke yake."

Mwau aliinuka juu ya ndoo kama aliyetokewa na malaika. "Winrose, dadangu! Unajua tumekalia nini? Kila bwana harusi ni safi! Hakuna wa kulia, hakuna wa kuzimia, hakuna wa kurudi kulalamika. Umeona wapi mteja karudi kudai ubaya?"

"Na yule ambaye si safi?"

"Huyo atafurahi kuwashinda wote."

"Na bibi harusi wake?"

"Bibi harusi naye ni mteja. Naye safi!" Mwau alicheka. Alicheka peke yake.

Winrose alikuwa akitazama chini, akikisugua kile kikaratasi kwa kidole gumba. "Nina masharti mawili," alisema baadaye, polepole. "Kazi ya kidole ni yangu, nyuma ya pazia. Wewe unaongea nje. Huingii mtu akiwa ndani."

"Sawa kabisa. Hata daktari bingwa ana nesi wake."

"Na ile karatasi ya mchungaji haitaandikwa kwamba fulani ni mzima. Itaandikwa: Wawili hawa wamepimwa, na wameelezwa majibu yao. Basi."

Mwau aliirudia sentensi hiyo mara mbili, akiionja mdomoni. Haikuahidi chochote. Haikumhakikishia mtu yeyote kitu chochote. Hakuna hakimu aliyezaliwa na mwanamke angeweza kumfunga mtu kwa sentensi hiyo. Alimtazama msichana yule mpole akajiambia: kumbe huyu ni mwenzetu, tena wa kuzaliwa.

"Na wewe kaka," Winrose aliuliza, "ulishapimwa?"

"Mimi?" Mwau akairudia kazi ya kufumua kwa bidii mpya. "Wacha mchezo."

Hapo tusimame kidogo, maana bila hilo hadithi hii haina mfupa. Pale baa Mwau alikuwa na mwenzake, Kombe. Walikuwa wakigawana zamu, chumba, mashati na, tuseme kwa adabu, marafiki. Mwaka wa tisini na sita Kombe alianza kukonda, na kabla ya Krismasi Mwau alilibeba jeneza lake, akashangaa lilivyokuwa jepesi. Tangu siku hiyo Mwau hakukanyaga hospitali. Malaria aliitibu dukani. Jino aliling'oa kwa uzi. Kila asubuhi alijipapasa shingo kutafuta uvimbe, na kila asubuhi alijikataza kufikiri. Alikuwa tayari kuijua siri ya kila mtu katika Kwale nzima, isipokuwa moja.

Jumamosi iliyofuata Daktari Bingwa aliwasili milimani, koti jeupe limepigwa pasi mpaka linakata. Darasa la watoto la Jumapili likawa kliniki: meza, kiti, kandili isiyo na kazi yoyote lakini yenye kuleta heshima, na leso mbili za akina mama zilizofungwa kamba kuwa pazia. Nyuma ya leso alikaa Winrose na glavu zake. Nje walikaa maharusi, wazazi, wajomba, kamati, na watu wasiohusika, ambao kama kawaida ndio waliokuwa wengi.

"Guten Morgen!" alianza Mwau, kwa Kijerumani alichojifunza akimimina bia. "Maana yake, Bwana asifiwe. Ndugu zangu, huko Ujerumani nilikosomea hakuna kungoja wiki tatu. Damu tone moja, dakika kumi na tano, majibu! Waziri anapimwa, mwanawe anapimwa, na mpishi wake anapimwa!"

"Mpishi ndiyo wewe?" aliuliza mzee mmoja, akitazama vifungo.

"Hii ni sare ya bingwa, mzee wangu. Safu ya kushoto ni ya damu, ya kulia ni ya mifupa."

Watu wakatikisa vichwa kwa kuelewa. Mchungaji Justus akatoa daftari. Mabwana harusi watano wakaanza kupumua kama watu. Mambo yalikuwa yakienda kwa mteremko, mpaka kikongwe kimoja cha mbele kilipokohoa.

Alikuwa Susu Mumbe, nyanya yake Concepta, bibi harusi wa Muema. Alikuwa mdogo wa mwili kama mtoto wa darasa la nne, na kamati nzima ilikuwa ikimwogopa.

"Shikamoo, susu," alisema Mwau haraka.

"Marahaba. Wewe mtoto wa wapi?"

"Wa kule Mwala, susu."

"Basi ni wetu. Niambie, mtoto wa kwetu. Mtu akileta kibuyu cha pombe mbele ya wazee, nani anaonja kwanza?"

Kabla Mwau hajafungua mdomo, chumba kizima kilishajibu:

"Aliyekileta!"

"Kwa nini?"

"Tujue hakuna sumu!"

"Haya," alisema Susu Mumbe, akakunja mikono. "Umeleta. Onja."

Vigelegele vikapigwa. Muema, aliyekuwa karibu kuzimia tangu asubuhi, akapiga makofi kuliko wote. Mwau alitabasamu, na kwa kweli hakuona sababu ya kutotabasamu. Si ni maji tu? Maji na mstari mmoja wa juu, bure kwa kila mtu. Akakunja mkono wa koti, akainua kidole hewani kama anayekwenda kupiga kura, akaingia nyuma ya leso.

"Choma," alinong'ona, "tena nitapiga kelele kidogo, wasikie."

"Mkono wa kushoto," alisema Winrose. Alipangusa kidole kwa spiriti, akachoma. Mwau akalia "Aaai!" kwa ustadi, watu nje wakacheka. Winrose alibinya kidole, akampa pamba ashikilie, akageukia meza, akampa mgongo.

"Nenda ukaongee," alisema bila kugeuka. "Dakika kumi na tano."

Na Mwau akaongea! Ni haki tuseme ukweli, siku hiyo aliongea vizuri. Akawaeleza ya mwizi na askari na sare, akawaeleza utambi, akawaeleza mstari wa juu na mstari wa pili, kwamba mwizi wa juzi bado hana askari na kwa hivyo mtu arudi baada ya miezi mitatu. Aliyasema yote kama alivyoyasikia, kwa sababu uongo mzuri hujengwa kwa mawe ya kweli, na hakugundua kwamba alikuwa ametumia mawe peke yake.

Dakika zilipotimia, akajitosa tena nyuma ya leso. Kile kikaratasi kilikuwa juu ya meza, chini ya kifuniko cha bati.

"Tayari," alisema Winrose. "Angalia."

"Niangalie nini?"

"Majibu yako."

"Mama, huu mchezo nimeubuni mimi. Tupa."

Winrose hakutupa. Alikuwa ameweka kiganja juu ya kifuniko, na kwa mara ya kwanza alimtazama Mwau usoni, machoni kabisa, hata Mwau akajipapasa shingo bila kujua.

"Ni wewe mwenyewe unayesema nitupe bila kuangalia?"

"Ni mimi. Tupa, watu wanangoja."

Akatoka nje, mikono juu. "Safi!" akapaza sauti. Susu Mumbe akaitikia kwa kichwa mara moja, na foleni ikaanza.

Wakaingia wawili wawili. Wengine walitoka mbio mbio wakicheka, wengine wakitoa machozi, ya furaha kwa hesabu ya Mwau. Mmoja alitoka akakumbatia mti. Muema na Concepta walikaa muda mrefu sana. Mwau aliimba nyimbo mbili kuwapoza watu. Walipotoka walikuwa wameshikana mikono, na Muema alitembea kama mtu aliyebebeshwa gunia la pili juu ya la kwanza.

"Hongera, bwana harusi!" Mwau akampiga mgongoni.

Muema alimkazia macho. "Asante, daktari," alisema, sauti ndogo kuliko mwili wake.

"Hao walikaa sana," Mwau alimwambia Winrose wakikusanya vitu.

"Walitaka kuuona mstari vizuri."

Baada ya hapo biashara ikapata miguu. Wakaitwa Waa, wakaitwa Kombani siku ya soko, wakaitwa Msambweni mara mbili. Hata wasio na harusi walikuja, maana ilisemekana kuna daktari mcheshi asiyetisha watu. Fedha zilikaa kwa Winrose, ndani ya kopo la maziwa, kwa sababu Mwau alimjua Mwau. Alishachagua pikipiki: nyekundu, ya mzungu mmoja aliyekuwa akihama Diani. Alikuwa akienda kuitazama kila Jumatano, akaishika usukani, akampa mlinzi sigara.

Krismasi ikapita. Asubuhi moja ya Januari, Mwau akinywa chai kwa mahamri katika mkahawa wa stendi, mlango ukaingia giza. Alikuwa Muema, amejaa mlango wote.

Mtu wa kazi kama ya Mwau hupima dirisha kabla ya kuketi. Alishapitisha mguu mmoja, mkono wa Muema ulipomshika ukosi.

"Daktari! Nimekutafuta wiki nzima."

"Ndugu yangu, kama ni ile fedha, tuongee kiungwana..."

"Fedha gani? Keti." Muema alimrudisha kitini kama mtu anayerudisha kitabu kwenye rafu, akaketi mbele yake. Macho yalikuwa mekundu, lakini hayakuwa ya hasira. "Nimekuja kushukuru."

Mwau akanyoosha ukosi wake, akalitazama tena dirisha.

"Ile siku ulinipiga mgongo ukasema hongera, nilitaka kukuvunja," alisema Muema. "Nikasema, huyu anacheka na maiti? Baadaye nikaelewa. Ulikuwa unanipa nguvu."

"Ehe," alisema Mwau.

"Mistari miwili, daktari. Yule dada alinionyesha mwenyewe. Akafungua kipimo cha aina ya pili, miwili tena. Concepta mmoja. Tukaenda Mombasa tukatoa na ile damu ya chupa, majibu yakaja juzi: vile vile." Alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Harusi tumeisogeza hadi Pasaka. Concepta anasema bado anafikiri, na kufikiri ni haki yake. Yule dada ametufundisha namna ya kujikinga. Lakini ningeoa Desemba bila kujua, daktari, si ningemwua mtoto wa watu huku nikimpenda? Nawe ndiye uliyeonja kwanza. Bila hivyo, wallahi, ningekimbilia Malaba kule mpakani nisirudi."

Akaweka mezani kuku aliyefungwa miguu, akaondoka kabla hajaanza kulia vizuri.

Mwau alibaki na kuku. Kuku alimtazama kwa jicho moja.

Maji hayatoi mistari miwili. Jambo hilo lilimfikia polepole, kuanzia miguuni. Maji hutoa mmoja, wa juu. Winrose alisema mwenyewe, asubuhi ya wembe. Ili itokee miwili, lazima iwe damu. Na kama ya Muema ilikuwa damu, na wale waliotoka wakilia, wale aliofikiri wanalia kwa furaha...

Akainuka. Alikimbia kutoka stendi mpaka duka la Baya akiwa na kuku chini ya kwapa.

"Winrose yuko wapi?"

Baya alikuwa akipima mchele na hakupenda kukatizwa. "Salaam kwanza, bwana. Kwani umefukuzwa?"

"Salaam aleikum. Yuko wapi?"

"Ameshahama, tangu alfajiri. Na makatoni yake, na kopo lake. Kakuachia barua." Baya akaitoa chini ya mzani. "Mwanamke mstaarabu sana. Hata chumba kakipiga deki."

Mwau, ambaye hakuwa mtu wa kusoma barua, aliisoma hiyo amesimama.

*Kaka Mwau,*

*Salaam. Vipimo vyote vilikuwa vya kweli. Kila mara nilitia damu. Nilibandika tangazo kwenye mlango wa Baya miezi mitatu nikisema napima bure, kwa siri. Hakuja hata mtu mmoja. Wewe ulisimama siku moja na koti la mpishi, wakapanga foleni. Nilikuwa na kila kitu isipokuwa mdomo, nikaazima wako. Watu themanini na wanne sasa wanajua hali zao. Si haba.*

*Fedha nimezichukua. Najua ulitaka pikipiki. Nimenunua vipimo vingine, naenda Mackinnon Road kwa mjomba wangu, pale malori yanapolala.*

*Kuhusu chako: uliniambia nitupe, nikatupa. Lakini kutupa si kutoangalia. Majibu ya mtu siyaandiki kwenye barua.*

*Winrose*

Mwau aliisoma mara ya pili. Kisha akakigeuza kidole cha mkono wa kushoto, akakitazama, kana kwamba kidole kile kilikuwa kimekwenda kwa watu kumsema.

Pikipiki ilishamtoka kichwani. Fedha zilishamtoka kichwani. Na mtu aliyemjua Mwau angejua hapo ugonjwa ulikuwa mkubwa kiasi gani. Kitu kimoja tu kilibaki: mahali fulani barabarani, ndani ya kichwa cha msichana mpole, kulikuwa na kikaratasi chenye mstari, au mistari, na jina lake.

"Baya, una nambari ya huyo mjomba?"

"Ninayo. Lakini simu ya mbali ni ghali."

"Chukua kuku."

Mackinnon Road ikaita muda mrefu, ikaitikiwa na sauti ya mtu mzima anayetafuna.

"Shikamoo mjomba. Winrose yupo?"

"Marahaba. Yupo, lakini yumo ndani na mtu. Ameshaweka pazia lake. Una ujumbe?"

"Mwambie ni Mwau. Mwulize: ilikuwa mmoja au miwili?"

"Mmoja au miwili ya nini? Kama ni magunia ya makaa, hapa hatuuzi."

"Atajua mwenyewe, mjomba."

"Mkaa tuliacha tangu mwaka jana."

"Mwambie tu!"

Alingoja kwenye benchi la nje mpaka jua likahama upande. Akapiga tena. Mjomba akasema ujumbe umefika, neno kwa neno. Alisemaje? Hakusema kitu, aliinamisha kichwa. Alicheka? Hapana, hakucheka. Alilia? Kwani anayepigiwa simu ya makaa hulia?

"Bwana," alisema Baya, aliyekuwa amesikia yote na kuelewa nusu, "kama ni jambo la kupimwa, si uende hospitali ya Msambweni ukapimwe? Ni hapo tu. Mtu aulize Mackinnon Road hali ya mwili anaolala nao mwenyewe?"

"Nitakwenda," alisema Mwau. "Nitakwenda. Nangoja simu hii kwanza."

Akapiga mara ya tatu. Safari hii hakuzunguka, wala hakutia Kijerumani, wala utani.

"Mjomba, andika kabisa, tafadhali. Mwambie Mwau anasema fedha ni zake, simdai. Mwambie simlaumu. Mwambie hata kama ni miwili, aseme miwili, nitakaa chini nisikie. Lakini aseme. Umeandika?"

"Nimeandika. Aseme. Nimepiga na mstari chini."

"Nambari ni hii hii ya Baya. Nipo hapa hapa."

Akaweka simu, akaivuta karibu na ukingo wa kaunta, waya ukakaza. Ililia mara mbili jioni ile. Ya kwanza ilikuwa ya mtu aliyemtafuta fundi cherehani wa jirani. Ya pili, Mwau aliinyakua kabla ya Baya kunyoosha mkono. Alikuwa mama mmoja wa Likoni aliyekosea nambari, na Mwau alimsihi asikate haraka, huenda ana ujumbe. Hakuwa nao.

Baya akazima taa ya mbele, akaanza kuteremsha mbao za duka, moja baada ya nyingine, akiacha ya mwisho wazi kidogo ili yule mtu kwenye benchi aweze kuisikia simu.